Tundu Karibu na Kitako

Mtungi wa siki wa Kifaransa una tundu karibu na kitako. Ukiukuta leo umewekwa juu ya kabati la jikoni kama pambo, matawi makavu yamechomekwa mdomoni, tundu hilo ndilo wageni huliulizia kwanza. Wengine hudhani mtungi umetoboka. La, hapo palikaa bilula ya mbao. Mwenye nyumba alimimina mabaki ya divai kwa juu, divai ikageuka siki polepole chini ya utando mnene ambao Wafaransa huuita mama wa siki, kisha siki ikachotwa kwa chini bila kumsumbua mama huyo. Tundu, rangi ya hudhurungi isiyolingana, ngozi yenye vijipele kama ganda la chungwa: hivi ndivyo wapambaji wa nyumba wanavyovilipia fedha nyingi, na hakuna hata kimoja kilichowekwa kwa ajili ya urembo.

Mtungi wetu wa maji hutoa jasho. Umechomwa kwa moto mdogo, vinyweleo vya udongo vimebaki wazi, maji hupenya na kukaukia nje, ndiyo maana huwa baridi. Siki katika mtungi kama huo ingevuja, na maji ya chumvi ya kuhifadhia nyama yangeula ukuta mpaka ubanduke. Dawa ya kwanza ilikuwa kuupaka udongo laini kioo chenye risasi. Kwa mchuzi kilitosha, lakini siki huitoa risasi katika kioo na kuitia kwenye chakula. Dawa ya pili ndiyo hii ambayo Wafaransa huiita grès, udongo wenye silika nyingi, unaovumilia nyuzijoto 1,250 hadi 1,300 bila kuporomoka. Kwenye joto hilo sehemu ya udongo wenyewe huyeyuka na kujaza vinyweleo, na ukuta mzima ukishapoa huwa kama jiwe. Hauhitaji kupakwa chochote ili usivuje.

Ugumu huo una gharama yake: ukiuweka moja kwa moja juu ya moto wa jiko, utapasuka. Kwa hiyo jiko la Kifaransa lilikuwa na udongo wa aina mbili, mmoja wa kupikia na mwingine wa kuwekea akiba. Huko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, mgawanyo huu umechorwa mpaka kwenye ramani. Wafinyanzi wa Soufflenheim hutengeneza vyungu vya udongo laini vyenye rangi za kuchangamka, vya kupikia baeckeoffe, ile nyama inayookwa pamoja na viazi kwa saa nyingi. Jirani zao wa Betschdorf hutengeneza mitungi ya kijivu yenye maua ya buluu, ya kuwekea akiba. Buluu hiyo nayo haikuchaguliwa kwa kupendwa tu. Rangi nyingi hufa katika joto la grès, lakini kobalti husalimika.

Tuje kwenye ile ngozi ya ganda la chungwa: inatokana na chumvi, na hapa ndipo ufundi ulipo. Chumvi haikupakwa kwenye mtungi. Ilitupwa motoni. Tanuri lilipofika kilele cha joto, mfinyanzi aliingiza chumvi ya kawaida kupitia matundu ya tanuri. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801, basi ndani ya moto ule iligeuka mvuke mara moja. Sodiamu ikashikana na silika na alumina za udongo, na kila mtungi ukavikwa ngozi nyembamba ya kioo. Klorini ikatokea kwenye dohani kama mvuke wa asidi, wingu jeupe la kukereketa koo. Kioo kile hujikusanya katika vitone vidogo, na hivyo ndivyo vijipele vya ganda la chungwa. Kwa kuwa kimezaliwa na udongo wenyewe, hakibanduki kama rangi iliyobandikwa. Ila mvuke huenda unakotaka: mtungi wenye shingo nyembamba haukuingiza wa kutosha, na ndani yake mara nyingi utakuta pakavu, pasipong'aa. Hiyo si kasoro. Ukuta ulishakuwa jiwe.

Wafinyanzi wa La Borne, kijiji cha mkoa wa Cher, na wa eneo la Puisaye kule Burgundy, walitumia tanuri la kulala, refu kama handaki, kuni zikichomwa upande mmoja na moshi ukitokea upande wa pili, kwa siku kadhaa usiku na mchana. Vyombo vilipangwa kimoja juu ya kingine, vipande vya udongo vikitiwa katikati visigandane. Majivu yaliruka na ndimi za moto, yakatua kwenye bega lililoelekea kuni, yakayeyuka na kuwa kioo cha kijani. Upande wa kisogo ukabaki mkavu, mwekundu kidogo. Ukilijua hilo, unaweza kuusimamisha mtungi mezani na kuonyesha kwa kidole moto ulitokea wapi, na, kwa alama ya duara begani, mahali chombo kingine kilipoukalia. Wapambaji wengi hugeuzia ukutani upande wenye alama hizo. Mimi ningeugeuza.

Jean Carriès, mchongaji, alikuwa miongoni mwa walioanza kuzitazama alama hizi kwa jicho jingine. Aliona vyombo vya Kijapani kwenye maonyesho ya Paris ya 1878, akastaajabu kwamba huko bahati ya moto ilikuwa sehemu ya uzuri. Mwaka 1888 akahamia Saint-Amand-en-Puisaye, kijiji ambacho wakati huo kilifinyanga vyombo vya siagi, mafuta na nyama ya chumvi. Alifariki 1894, lakini wasanii wengine walimfuata. Watu wa pwani yetu hawatashangaa: mabakuli ya Kichina yalitoka mezani yakapanda kwenye zidaka za Lamu muda mrefu kabla ya hapo.

Kwa anayenunua, tahadhari kubwa inahusu ile mitungi ya kusini-magharibi mwa Ufaransa yenye kioo cha njano au kijani nusu ya juu na udongo mtupu nusu ya chini. Iliwekewa nyama ya bata ndani ya mafuta yake, na inasemekana nusu ya chini ilifukiwa ardhini ipate ubaridi. Mizuri sana, na mara nyingi huuzwa kwa jina la grès. Kwa kawaida ni udongo laini, na kioo chake huwa na risasi. Iwe ya maua makavu, si ya achari. Kipimo ni rahisi: geuza mtungi, dondosha tone la maji kwenye kitako kisichopakwa. Udongo laini hulinywa. Grès huliacha lisimame. Kisha gonga kwa ukucha. Mzima hulia kama kengele, wenye ufa hulia kama ubao. Mwisho ingiza mkono. Mistari ya vidole inayopanda kwa mzunguko ni ya gurudumu. Ukuta laini kabisa, wenye mshono, ni wa kalibu ya kiwandani. Cha kiwandani nacho si lazima kiwe kipya: kiwanda cha vyombo cha mji wa Digoin kilianzishwa 1875.

Limebaki suala la kugeuza mtungi kuwa taa. Mitungi mingi ya grès imetobolewa kwa keekee ipitishe waya, na baadhi imepasuka papo hapo. Anayeng'ang'ania taa na atafute mtungi wa siki. Tundu la waya lilishawekwa na mfinyanzi udongo ukiwa bado mbichi, tena mahali panapofaa.