Kisa Kilichotangatanga: Chimbuko la Simulizi ya Mwanamke Mzinifu

Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi hapa Kabianga, wengi wao wakiwa wamelelewa makanisani Kericho na Bomet, hukitaja kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi kama kielelezo cha simulizi fupi iliyokamilika. Wakielezwa kwamba hakimo katika miswada kongwe ya Injili ya Yohana, baadhi hudhani wanavuliwa imani. Dhana hiyo inastahili kujibiwa kihakiki.

Ushahidi wenyewe hauna utata mkubwa. Aya hizi (Yohana 7:53–8:11) hazimo katika mafunjo ya P66 na P75, wala katika Kodeksi Sinaitiko na Kodeksi Vatikano za karne ya 4. Zimo katika Kodeksi Beza, ya karne ya 5 hivi. Kundi moja la miswada ya Kigiriki limezipachika katika Luka, baada ya 21:38! Msamiati nao unashuhudia: waandishi wa Sheria na Mlima wa Mizeituni havitajwi kwingineko katika Yohana.

Augustino alishuku kwamba wanaume wenye imani haba ndio waliokifuta kisa hiki, wakichelea kuwapa wake zao kibali cha kuzini. Dai hili linavutia, hasa kwa mhakiki wa mrengo wa kifeministi, ila halitoshi. Aliyeuogopa uzinzi angefutia nini aya za mwanzo, zinazosema tu kwamba watu walikwenda makwao naye Yesu akaenda mlimani?

Hoja yetu ni kwamba simulizi hii iliishi vinywani kabla ya kupata kitabu cha kukaa. Eusebio anaeleza kwamba Papia alijua kisa cha mwanamke aliyeshtakiwa mbele ya Bwana kwa dhambi nyingi. Didaskalia ya karne ya 3 nayo inagusia kisa kama hiki. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu gani ya kushtuka? Tungo za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, nyingi zilidumu katika kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia W. E. Taylor (mmisionari, ikumbukwe) kuzikusanya. Kuuliza ni utungo upi ulio wake si kumkana Muyaka.

Hata hivyo, ukongwe wa masimulizi hauthibitishi kwamba tukio lilitokea. Unathibitisha kwamba lilisimuliwa. Wala aya kuongezwa baadaye si hoja kwamba ni uzushi.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni mapengo ya kisa. Yesu anaandika ardhini, mahali pekee katika Injili nne anapoandika, na hatuambiwi aliandika nini. Baadhi ya wanakili hawakustahimili, wakaongeza kwamba aliandika dhambi za kila mmoja wao. Ndivyo afanyavyo fanani hadhira inapomhoji. Pengo la pili limeachwa wazi. Walawi 20:10 inataka wazinzi wote wawili wauawe, lakini hapa mwanamume haletwi, hatafutwi, wala hakuna anayeuliza alikokwenda.