99.9: Jinsi Vituo Viwili Vilivyogawana Namba Moja, na Somo Lake kwa Elgon View

Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera ziko katika jiji moja, Nairobi, na zote mbili ziko kwenye namba ile ile ya redio: 99.9. Koch ilianza mwaka wa 2006, studio yake ikiwa ndani ya kontena la mizigo. Pamoja ilifuata mwaka wa 2007. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kati ya mitaa hiyo miwili kuna takriban kilomita 13. Hata hivyo, mkazi wa Korogocho akifungua 99.9 anawasikia watu wa kwao, na wa Kibera vivyo hivyo.

Nimeamua kuchambua jambo hilo lilivyofanyika kwa sababu hapa Elgon View, mtaa wa Eldoret, kwenye vyumba vya nyuma vya maboma mengi, kuna vijana wanaorekodi muziki bila lebo wala meneja. Swali lao ni lile lile kila mara: redio ya mtaa ya aina hiyo ingehitaji nini Eldoret? Wengi wao huanza kwa kutaja mtambo mkubwa na mlingoti mrefu. Kisa cha 99.9 kinafundisha kinyume chake. Redio ya jamii inasimama kwa sababu ni ndogo, na udogo huo hupangwa kwa hesabu.

Kwa nini namba moja

Bendi ya FM ina nafasi chache. Inaanza 87.5 na kuishia 108, yaani upana wa megahezi 20.5. Vituo viwili vyenye nguvu katika mji mmoja vinahitaji kuachana kwa angalau megahezi 0.4 ili redio ndogo iweze kuvitenganisha. Ukigawa, unapata nafasi 51 hivi kwa mji mzima, kabla ya kuondoa zile zinazolindwa kwa ajili ya miji jirani. Tangu Capital FM ilipofungua njia ya FM za kibinafsi mwaka wa 1996, kampuni kubwa zilijaza nafasi hizo za Nairobi moja baada ya nyingine.

Vikundi vya mitaani vilipofika mlangoni, Tume ya Mawasiliano ya wakati huo, CCK, haikuwa na namba ya kukipa kila kimoja. Suluhisho lilikuwa kutumia namba moja mara kadhaa, kila kituo kikibaki mtaani kwake.

Wazo la mtambo mdogo wenyewe halikuwa geni nchini. Mwaka wa 1982, UNESCO na Sauti ya Kenya walifungua kituo huko Homa Bay kilichotangaza kwa Kiluo kwa mtambo wa FM wa wati 10, na gharama yote ilikuwa chini ya dola 25,000. Serikali ilikifunga mwaka wa 1984, lakini kilikuwa kimeshathibitisha kwamba wati 10 zinatosha kuwafikia watu wanaofahamiana.

Hesabu ya mpaka

Redio ya FM ina tabia moja inayosaidia sana. Inapopokea mawimbi mawili kwenye namba moja, haiyachanganyi kama AM inavyofanya. Hulishika lile lenye nguvu zaidi na kulizima lile dhaifu, kama vile sokoni unavyomsikia vizuri aliye sikioni mwako ingawa mwingine anapiga kelele mbali. Redio nzuri inaweza kufanya hivyo hata tofauti ya nguvu ikiwa ndogo. Wapangaji wa masafa, kwa usalama, hudai tofauti kubwa zaidi. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unapendekeza wimbi la kituo chako lizidi la mpinzani kwa desibeli 36 ikiwa matangazo ni ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, na desibeli 45 ikiwa ni ya stereo, yenye kushoto na kulia. Kwa lugha ya kawaida, hiyo ni nguvu mara 4,000 kwa mono na mara 32,000 kwa stereo.

Tofauti hiyo hupatikana kwa umbali. Mlingoti ukiwa mfupi na mawimbi yakisafiri karibu na ardhi, kanuni ya wahandisi ni kwamba umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hupungua mara 16. Chukua vituo viwili vyenye nguvu sawa vilivyoachana kilomita 13. Kwenye mstari unaoviunganisha, kituo cha mono kinatimiza kiwango cha ITU hadi kilomita 1.45 kutoka mlingotini. Kituo cha stereo kinaishia mita 900 hivi.

Tazama maana ya hesabu hiyo. Kwa kuzima stereo tu, bila kuongeza hata wati moja, eneo linalolindwa hukua zaidi ya mara mbili na nusu. Kilomita 1.45 ni kipimo cha tahadhari, na nje ya hapo redio bado inaweza kulishika wimbi lenye nguvu zaidi, hasa pale majengo na mabonde yanapolizuia la upande wa pili. Korogocho, iliyo kando ya Mto Nairobi, ni mtaa unaouvuka kwa miguu kwa muda mfupi. Kipimo hicho kinautosha.

Mono ina faida nyingine. Stereo ya FM hubeba taarifa ya ziada iliyo rahisi kuingiliwa na mikwaruzo, hivyo ili isikike safi inahitaji wimbi lenye nguvu zaidi ya mara 100 kuliko mono. Msikilizaji mwenye redio ya spika moja jikoni au kibandani hapotezi chochote. Anachopata ni sauti isiyo na mchakacho.

Tukiileta Eldoret

Hesabu ya Nairobi haiwezi kunakiliwa ilivyo. Langas, Huruma, Kapsoya na Elgon View ziko karibu mno. Ukiweka vituo viwili vya namba moja vilivyoachana kilomita 6, kila kimoja kinabaki na mita 670 tu kwenye mstari unaoviunganisha. Huwezi kuhudumia mtaa kwa mita 670. Kwa hivyo Eldoret inafaa iwe na kituo kimoja kwa jiji zima, na igawane namba na mji mwingine.

Mji gani? Iten inavutia kwa mtazamo wa kwanza, kwa kuwa iko umbali wa kilomita 31 hivi. Shida ni mwinuko. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo Iten iko karibu mita 2,400, kwenye ukingo wa bonde la Kerio. Mtambo ukiwekwa huko juu utautazama uwanda wa Uasin Gishu bila kizuizi, na ile kanuni ya kupungua mara 16 haitafanya kazi tena. Wimbi la Iten lingefika Eldoret likiwa bado na nguvu nyingi.

Kapsabet ni mshirika bora. Iko takriban kilomita 40 kwa mstari ulionyooka, iko chini kidogo kuliko Eldoret, na kati yake na sisi kuna miinuko na mabonde ya Nandi. Kwa kilomita 40, kituo cha mono chenye mlingoti mfupi kinalindwa hadi kilomita 4.5, na cha stereo hadi 2.8. Kilomita 4.5 kutoka Elgon View zinabeba katikati ya jiji na sehemu kubwa ya Langas. Wakazi wa maeneo hayo ni watu wanaopanda matatu zilezile na kununua mboga soko lilelile.

Hapa ndipo kishawishi cha mlingoti mrefu kinapaswa kukataliwa. Ukiurefusha kutoka mita 10 hadi 20, ni sawa na kuzidisha nguvu ya mtambo mara 4. Utasikika mbali zaidi, lakini utamwingilia mshirika wako wa Kapsabet, naye akijibu kwa kuinua wake, nyote mnarudi pale pale mlipoanzia, mkiwa mmeongeza gharama. Makubaliano ya urefu wa mlingoti ni muhimu kuliko bei ya mtambo.

Wimbo unapoingia kwenye mono

Uamuzi huo wa kiufundi unamgusa mwanamuziki moja kwa moja. Hivi karibuni nilikaa na kijana mmoja katika studio yake ya nyumbani hapa Elgon View, godoro likiwa limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Alinipigia wimbo wake mpya kwa vipokea sauti vya masikioni. Kiitikio kilikuwa kipana, sauti za kuitikia zikizunguka kichwa kizima. Nikamwomba abonyeze kitufe cha mono kwenye programu yake. Sauti za kuitikia zikapotea. Ngoma zilibaki, besi ilibaki, naye alibaki akiimba peke yake kana kwamba wenzake wametoka chumbani.

Chanzo kilionekana mara moja kwenye skrini. Ili kupata upana, alikuwa ameinakili sauti ya kuitikia, nakala moja akaiweka kushoto na nyingine kulia, kisha akaigeuza ya kulia juu chini. Kwenye stereo masikio huhisi nafasi. Kwenye mono, kushoto na kulia hujumlishwa: mawimbi yanayopanda hukutana na yaleyale yakishuka, na jumla huwa sifuri. Dawa ni rahisi. Waimbaji waimbe mara mbili kwa kweli, kila mara ikirekodiwa upya, kisha rekodi moja iwekwe kushoto na nyingine kulia. Hakuna binadamu anayeimba sawasawa mara mbili, hivyo mawimbi hayafutani, na upana unabaki.

Jambo la pili ni sauti kali za juu. FM hubeba sauti hadi kilohezi 15, na kabla ya kurusha, mtambo huinua sauti za juu ili redio izishushe tena pamoja na mchakacho. Wimbo uliojaa matoazi makali na herufi za "s" zinazochoma hufika kwenye kidhibiti cha mtambo ukiwa tayari umevuka mpaka. Kidhibiti hushusha wimbo wote, na sauti ya mwimbaji hudidimia kila toazi linapopigwa. Prodyusa anayelainisha sauti hizo kabla ya kutuma wimbo huufanya usikike mkubwa zaidi hewani kuliko yule aliyeongeza kila kitu hadi mwisho.

Kituo cha jamii kinaweza kuwafundisha wasanii haya kwa karatasi moja ya maelekezo: kagua kwa mono, lainisha sauti za juu, tuma faili isiyobanwa mno. Redio kubwa haina sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa nyimbo zake huja zimekamilika kutoka studio za Nairobi. Redio ya mtaa inaishi kwa nyimbo za mtaa, kwa hivyo ubora wa nyimbo hizo ni ubora wake yenyewe.

Daftari la kila siku

Hatua ya mwisho haihusu mawimbi, lakini bila hiyo mengine hayana maana kwa msanii. Kila wimbo unaochezwa uandikwe: saa, jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi. Mirabaha hukusanywa na mashirika yenye leseni ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na mgao wa haki hutegemea kumbukumbu za kilichochezwa. Kituo kisichoandika humwacha msanii wa Langas bila ushahidi wowote kwamba wimbo wake ulisikika. Programu ya bure ya kompyuta inaweza kuandika daftari hilo yenyewe, mradi faili ziwe zimepewa majina kamili tangu zilipopokelewa. Faili iitwayo "wimbo mpya final" haiwezi kumlipa mtu.

Kanuni za utangazaji za mwaka wa 2009 ziliipa redio ya jamii nafasi yake ya kisheria, na Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Kwa hivyo mlango upo. Kinachobaki ni ombi lililoandaliwa vizuri mbele ya Mamlaka ya Mawasiliano, iliyochukua nafasi ya CCK: kituo kimoja cha Eldoret, matangazo ya mono, mlingoti mfupi wenye urefu uliotajwa, mshirika wa Kapsabet aliyekwisha kukubali kugawana namba, na kamati ya wakazi kutoka Elgon View, Langas, Huruma na Kapsoya. Mhandisi wa masafa akilisoma ombi hilo ataona kwamba waombaji wameshafanya nusu ya kazi yake. Koch na Pamoja zilionyesha kwamba mpango wa namna hiyo unafanya kazi katika mazingira magumu kuliko yetu. Wanamuziki wa hapa wasisubiri mtu mwenye pesa za mtambo wa kilowati. Waanze na hesabu, waanze na makubaliano, na waanze leo kukagua nyimbo zao kwa mono.