Riwaya na Dhamiri ya Kada

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa tumezoea kusoma maandishi ya aina moja: Katiba ya Chama, maazimio, hotuba za viongozi na taarifa za utekelezaji. Riwaya huwekwa kando. Wanachama wengi huziona kuwa ni mzigo wa wanafunzi wanaosubiri mtihani, au ni hadithi za kumpotezea mtu muda akiwa ndani ya basi kati ya Mpanda na Sumbawanga. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba mtazamo huo ni wa makosa, na kwamba kada asiyesoma riwaya anakwenda kazini akiwa na upungufu.

Azimio humweleza kada lengo ni lipi. Halimwelezi afanye nini anapofika mlangoni kwa mzee anayekataa kuondoka nyumbani kwake, huku mgambo wako nyuma yake na amri iko mfukoni. Riwaya nzuri humfikisha msomaji mlangoni hapo, humwonyesha mzee, humwonyesha kada, kisha humwacha achague. Kwa hiyo riwaya zinazomweleza binadamu aliyebanwa kati ya haki na dhuluma ni sehemu ya elimu ya siasa. Hata hivyo riwaya hizo hazilingani kwa ugumu, na inafaa tuzipange kwa namna zinavyotubana.

ADUI ALIYE WAZI

Kundi la kwanza ni la riwaya ambazo ndani yake dhuluma inatoka nje, na mdhulumu anajulikana kwa sura na kwa tabaka lake. Tangu enzi za ukoloni Shaaban Robert alitufungulia njia hiyo katika Kusadikika (1951). Karama anashtakiwa barazani kwa sababu ya kutaka elimu ya sheria ienezwe, na badala ya kuomba msamaha anaigeuza kesi yake kuwa kesi ya utawala wenyewe. Uamuzi wake ni wa hatari, lakini msomaji hana shaka aelekee upande gani.

Ndivyo ilivyo pia katika Kuli (1979) ya Adam Shafi, ambayo msingi wake ni mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Rashidi hakuzaliwa na mwamko. Anaupata kwa jasho, kwa mizigo ya bandarini na kwa kukaa na wenzake. Riwaya hii inafundisha vizuri jinsi uchungu wa mtu mmoja unavyogeuka kuwa nguvu ya wengi, na inastahili kusomwa katika kila tawi lenye wafanyakazi.

Lakini mtunzi huyo huyo, mwaka mmoja kabla, alikuwa ametoa funzo gumu zaidi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Humo yumo Kijakazi, mtumishi anayemtumikia Mwinyi Fuad kwa utiifu hata anapodharauliwa, na utiifu huo haufi kwa sababu tu Mapinduzi ya Januari 1964 yamefika. Vijana katika madarasa yetu humcheka Kijakazi. Hilo ni kosa. Kijakazi anatuonyesha kwamba unyonyaji hauishii shambani na kwenye mshahara. Huingia moyoni mwa mnyonyaji na moyoni mwa mnyonywaji, na hauondoki kwa tangazo la redio. Kada anayemcheka Kijakazi atashindwa kuzungumza na mwananchi ambaye bado anamwogopa bwana aliyekwisha kuondoka zamani.

DHULUMA INAPOTOKEA KWETU

Kundi la pili ni gumu zaidi kwetu, kwa sababu ndani yake mwenye kuamuru ni ndugu yetu, mwenye kadi kama sisi. Katika kundi hili mwandishi wa kwanza ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), kijana Tumaini anatapanya mali, kisha anajijenga na kuwa mkulima mkubwa. Siasa mpya inapoligusa shamba lake anachukua silaha na kumuua kiongozi, naye anahukumiwa kifo. Ni vigumu kuisoma riwaya hiyo bila kumkumbuka Dakta Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliyeuawa na mkulima huko Isimani tarehe 25 Desemba 1971. Wapo wanaosoma kitabu hicho na kuridhika haraka: bepari ameua, bepari ameadhibiwa, basi. Lakini Kezilahabi ametulazimisha kuishi na Tumaini kwa kurasa nyingi kabla ya risasi. Hatuombi tumsamehe. Anataka tujue mauaji hayo yalipikwa namna gani, na hayo ndiyo maarifa anayoyahitaji mtu mwenye kazi ya kuzuia damu isimwagike.

Gamba la Nyoka (1979) inakwenda mbali zaidi. Habari yake ni ya kuhamishia watu vijijini. Vijana wasomi wawili, Mambosasa na Mamboleo, wamo katika wimbi hilo, na wapo wanavijiji wanaokataa kuhama ambao nguvu inatumika juu yao. Tukumbuke historia ya jambo lenyewe. Mwaka 1967, katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini, Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba watu wajiunge kwa hiari yao. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na muda ukawekwa mpaka mwisho wa 1976. Kufikia wakati huo mamilioni ya wananchi walikuwa wamehamia vijijini. Kati ya hiari ya 1967 na amri ya 1973 palikuwa na maelfu ya makada waliolazimika kuamua, kila mmoja mahali pake, amri itekelezwe namna gani. Riwaya ya Kezilahabi imesimama katikati ya miaka hiyo miwili.

Riwaya hii tuliisoma hapa Majimoto katika darasa la vijana na wazee. Tulikuwa tukisoma kwa sauti, kwa sababu nakala ilikuwa moja. Tulipofika penye nguvu na vilio, kijana mmoja alisimama akasema kwamba kitabu hicho kinakitukana Chama na hakifai kusomwa mbele ya wananchi. Kabla sijamjibu, mzee mmoja aliyehamishwa mwaka 1974 akaomba nafasi.

"Mwalimu," alisema, "kijiji mimi nilikikubali. Wanangu walipata shule karibu, na mke wangu alijifungulia zahanati. Lakini kihenge changu kilibomolewa na mahindi yakiwa ndani. Niliwaomba siku tatu tu nihamishe chakula, nikanyimwa. Mpaka leo hakuna aliyerudi kuniambia kwamba pale tulikosea. Huyu aliyeandika kitabu ndiye wa kwanza."

Darasa lilinyamaza. Ninalirudia jambo hilo kwa sababu ndani yake mna uhakiki ulio bora kuliko mwingi tunaouchapisha. Mzee hakusema kwamba lengo lilikuwa baya. Alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi wakufunzi huvichanganya kila siku: ubora wa lengo na uhalali wa njia. Shule ilikuwa haki yake. Siku tatu nazo zilikuwa haki yake. Haki moja haiwezi kutumika kulipia deni la nyingine. Hili hata Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umeliona, ulipowakataza viongozi ubabe na dharau kwa wananchi. Mwongozo ulikuwapo, na kihenge kikabomolewa vile vile. Aliyekuwa na kazi ya kuuunganisha Mwongozo na kihenge alikuwa ni kada aliyesimama pale siku ile, na yeye alinyamaza.

MAKOSA YA UHAKIKI WETU

Hapa hatuna budi kujikosoa. Katika miaka ya 1970 wahakiki wengi walimlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa. Walitaka riwaya imalizike kwa ushindi, mhusika mkuu awe shujaa asiye na doa, na adui awe na kitambi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kwa kuwa ilieleza waziwazi jinsi wasichana walivyokuwa wakiharibiwa na watu wazima wenye madaraka juu yao. Baadaye ilikubaliwa na kusomwa na kizazi baada ya kizazi. Tujiulize: katika ile miaka ya marufuku, ni msichana yupi aliyelindwa? Marufuku yaliwalinda wale wasiotaka kutajwa.

Madai kwamba riwaya ya kimaendeleo lazima imalizike kwa furaha ni madai ya kivivu. Yanamtaka mwandishi afanye kazi ambayo ni yetu. Kushinda kunatakiwa kutokee kijijini, si katika ukurasa wa mwisho. Mwandishi akituachia kidonda kikiwa wazi, ametukabidhi kazi.

Tuna ushahidi wa hasara ya kutosoma. Mwaka 2011 Chama kilitangaza mpango wa kujivua gamba, na maneno hayo yakaenea nchi nzima. Ni wachache waliokumbuka kwamba miaka 32 kabla yake mwandishi wa riwaya alikuwa ameliweka gamba hilo juu ya jalada la kitabu. Swali linalotokana na jina la kitabu hicho lilikuwa bado linangoja jibu: nyoka akishajivua gamba, amebadilika nini zaidi ya ngozi? Kama tungekuwa tumekisoma vizuri, mjadala wa 2011 ungeanzia hapo, na ungekuwa mjadala wa mwenendo na mfumo badala ya kuwa mjadala wa majina ya watu.

KUWAJIBIKA

Adam Shafi naye hakubaki pale alipoanzia. Mwaka 2003 alitoa Haini, riwaya inayotokana na miaka iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Mhusika wake Hamza anakamatwa na kutiwa kizuizini katika kesi ya uhaini. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini nyakati hizo. Kwa hiyo mtu yule yule aliyeandika kwa moyo wote juu ya Mapinduzi ameandika pia juu ya mateso ya gerezani baada ya Mapinduzi. Wapo watakaosema amegeuka. Mimi nasema ametumia kipimo kimoja. Aliyekasirika kuli alipoonewa mwaka 1948 hana ruhusa ya kunyamaza mfungwa anapoonewa mwaka 1972, ati kwa sababu funguo za gereza sasa ziko mikononi mwetu.

Tusidhani kipimo hicho ni cha watunzi tu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na wengine wakafa. Januari 1977 Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa si yeye aliyempiga mtu. Alikubali kwamba dhamana ya wizara ni dhamana ya yale yanayotendwa gizani chini ya wizara hiyo. Wananchi hawakumdharau kwa hilo, na mwaka 1985 alikuwa Rais. Tukio hilo lingeweza kuwa sura ya riwaya kubwa.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Je, yote haya yanatuhusu nini hapa Mpimbwe leo? Yanatuhusu sana. Ardhi yetu imebanwa kati ya Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, mashamba ya mpunga yanayopanuka, na mifugo ya ndugu zetu waliohamia kutoka Usukuma. Chukulia kwamba usiku ng'ombe wameingia katika mpunga unaokaribia kuvunwa. Asubuhi mwenye shamba yuko ofisini, analia. Mgambo wamekwisha kukamata ng'ombe, na wamekamata wengi kuliko walioingia shambani. Mchungaji aliyefungwa kamba ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Mwenye ng'ombe ametuma ujumbe kwamba yuko tayari "kuyamaliza". Wenyeji wananong'ona kwamba wageni wafukuzwe wote.

Katika mkasa huo hakuna Mwinyi Fuad wa kunyooshewa kidole. Aliyeonewa saa kumi usiku anaweza kuwa mwonevu saa tatu asubuhi. Kada aliyelelewa kwa kaulimbiu peke yake atatafuta haraka nani ni adui, atampata, na atakuwa amekosea. Kada aliyesoma riwaya kwa makini atajiuliza maswali matatu kabla ya kufungua mdomo.

Kwanza: katika jambo hili ni nani asiye na msemaji? Hapa ni yule mtoto aliyefungwa kamba. Hana shamba na hana ng'ombe.

Pili: njia ninayoitumia, ningeikubali kama ningekuwa mimi ndiye ninayetendewa? Hilo ndilo swali la kihenge.

Tatu: kesho nikigundua nimekosea, nitarudi kusema? Hilo ndilo swali la kuwajibika, na ndilo ambalo mzee wetu amelingojea tangu mwaka 1974.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila darasa la itikadi katika matawi na vyuo vyetu lisome kwa ukamilifu angalau riwaya mbili kwa mwaka: moja ambayo adui yake yuko nje, na moja ambayo kosa lake liko ndani. Zisomwe kwa sauti pale nakala zinapokosekana, na wazee wakaribishwe. Mkufunzi asiwe mwepesi wa kutoa hitimisho. Aache darasa libishane, kwa kuwa mtu aliyekwisha kubishana juu ya Mambosasa na Hamza atakuwa amekwisha kufanya mazoezi ya uamuzi kabla uamuzi wenyewe haujamkuta ofisini.

Baada ya darasa lile nilimsindikiza yule mzee hadi njia panda. Nilimwambia, kwa niaba yangu mimi mwenyewe, kwa kuwa sikuwa na cheo cha kusema kwa niaba ya mwingine: "Mzee wangu, pale tulikosea." Aliniuliza nilikuwa na umri gani mwaka ule. Nikamjibu sikuwa nimezaliwa. Akasema, "Si neno, mwanangu. Nilikuwa nataka tu lisemwe."