Theluji na Lugha Iliyonyamaza: Uhakiki wa "A Child's Christmas in Wales"

Mwezi wa Februari, 1952, mjini New York, Dylan Thomas alisoma kisa kifupi cha Krismasi ya utotoni, na sauti yake ikatiwa katika sahani ya santuri. Kisa hicho kilianzia katika mazungumzo ya redio ya mwaka 1945, kikachapwa Marekani mwaka 1950 katika jarida la Harper's Bazaar. Ni maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya sikio, na kwa sikio yapaswa kuhukumiwa.

Matendo yake ni machache. Wavulana wavizia paka wakiwa na madonge ya theluji. Moshi wafuka nyumbani kwa jirani. Zawadi zahesabiwa kwa mafungu mawili, zenye manufaa na zisizo na manufaa. Wazee wa kiume wa ukoo wasinzia baada ya kula. Usiku watu waimba. Mwanzoni msimulizi akiri kwamba hakumbuki kama theluji ilianguka siku sita alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, ama siku kumi na mbili alipokuwa na miaka sita. Huo si mzaha mtupu. Kazi yake ni ile ile ya "hapo kale" katika ngano zetu: kumtoa msikilizaji katika hesabu ya kalenda. Naye mtoto mdogo anayemkatiza msimulizi kwa maswali ashika nafasi ya mwitikiaji wa hadithi.

Lenye uzito zaidi ni suala la urithi. Thomas alizaliwa Swansea mwaka 1914. Wazazi wake wote wawili walikijua Kiwelisi, lakini baba, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, hakuwarithisha watoto lugha hiyo. Hata hivyo jina Dylan latoka katika Mabinogion, hadithi za kale za Welisi. Na jina la pili, Marlais, ni ukumbusho wa Gwilym Marles, mshairi wa Kiwelisi wa ukoo huo huo. Mtoto alipewa majina, akanyimwa lugha.

Kisa si tawasifu kamili, lakini pengo hilo laonekana ndani yake. Jioni ya sikukuu ndugu mmoja aimba "Cherry Ripe", na mzee mmoja aimba "Drake's Drum", wimbo wa kumsifu nahodha wa Kiingereza. Hakuna wimbo wa Kiwelisi unaotajwa, katika kitabu chenye jina la Welisi juu ya jalada lake.

Je, mila nayo imekufa? Tazama tukio la mlangoni. Wavulana wasimama gizani mbele ya nyumba kubwa na kuimba "Good King Wenceslas". Mara sauti kavu ya mtu asiyeonekana yaitikia kutoka ndani, nao watimua mbio. Kusini mwa Welisi ipo desturi ya Mari Lwyd: kundi la watu hubeba fuvu la farasi lililofunikwa shuka, hubisha hodi kwa beti, na wenye nyumba hujibu kwa beti kabla ya kufungua. Kisa hakiitaji desturi hiyo, wala hapana ushahidi humo kwamba mwandishi aliikusudia. Hata hivyo umbo ni lile lile: wimbo nje, jibu ndani, mlango katikati. Wimbo wenyewe ni wa kuchanganyika: maneno ni ya Mwingereza wa karne ya 19, habari ni za mtawala wa Bohemia, na sauti yake ilikuwa ya wimbo wa majira ya kuchipua, uliochapwa mwaka 1582.

Mfasiri wa Kiswahili atakutana na mambo mawili. La kwanza ni theluji yenyewe. Tunalo neno hilo kutoka Kiarabu. Na "barafu", litokalo katika Kiajemi, huko kwao lina maana ya theluji, bali kwetu limekuwa jina la maji yaliyoganda. La pili ni gumu zaidi. Kiingereza, na Kiwelisi pia, chatumia neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili chalazimisha uchaguzi: mjomba ama baba mdogo, shangazi ama mama mdogo. Kila kiti mezani hapana budi kipewe upande wake wa ukoo, na lile ambalo mwandishi aliliacha wazi mfasiri atalifunga. Njia iliyo salama ni kuchagua upande mmoja kwa kila mtu na kuushika mpaka mwisho.

Kasoro ya kisa ni kwamba wakubwa wake ni vinyago kuliko watu. Ni vigumu kumtofautisha mzee mmoja na mwenzake. Lakini thamani yake yabaki. Mwaka 1911 watu zaidi ya 43 katika kila 100 wa Welisi walisema Kiwelisi; mwaka 2021 hawakufika 18. Kisa hakilalamiki juu ya hasara hiyo. Chaionyesha tu, bila kujua pengine, kwa nyimbo zilizochaguliwa jioni ya sikukuu. Wazazi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaowapa watoto wao majina ya mababu na kusema nao Kiingereza tu watakitambua chumba kile, hata kama hawajapata kuona theluji.