Ufundi wa Kurejesha

Kutunza nakala za akiba za hifadhidata, yaani mkusanyo wa taarifa uliopangwa katika majedwali na kuhudumiwa na seva, ni kazi isiyosifiwa ipasavyo, kwa kuwa matunda yake hayaonekani ila siku ya maafa. Busara ya fundi hujipambanua pale anapochagua njia ya kunakili, kwa sababu uchaguzi huo huamua pia namna atakavyorejesha na kiasi cha kazi za watu kitakachopotea.

Katika PostgreSQL, programu ya hifadhidata itumikayo sana duniani, njia nyepesi kueleweka ni nakala ya kimantiki. Programu ya pg_dump huisoma hifadhidata kama ilivyokuwa katika nukta moja ya wakati, bila kuwazuia watumiaji kuendelea kuandika, kisha hutoa maagizo ambayo yakifuatwa huyajenga majedwali upya, hata katika mashine ya aina nyingine au toleo jipya zaidi. Hata hivyo, data zikiwa nyingi, kurejesha huweza kuchukua saa nyingi, maana kila safumlalo hupakiwa na kila faharasa hujengwa tena, na yaliyoandikwa baada ya nukta ile hayamo kabisa.

Nakala ya kimaumbile huchukua faili zenyewe kama zilivyo diskini, na thamani yake hukamilika inapoambatana na daftari la mabadiliko, ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla halijafika kwenye faili za majedwali. Mwenye nakala hiyo pamoja na mfululizo usiokatika wa daftari anaweza, tangu toleo la 8.0 la mwaka 2005, kuirudisha hifadhidata hadi wakati autakao, tuseme saa 8:14 mchana, dakika moja kabla ya amri iliyofuta jedwali la malipo. Hapa ufundi huu hufikia kilele cha uzuri wake, ingawa hudai uangalifu mkali, kwani kipande kimoja cha daftari kikikosekana, vyote vinavyokifuata havifai kitu.

Seva pacha, inayopokea mabadiliko ya seva kuu papo hapo, huokoa huduma mashine inapoharibika, lakini haiwezi kuhesabiwa kuwa nakala ya akiba, kwa sababu hupokea ufutaji kwa utiifu uleule inaopokea maandishi mapya.

Mkasa wa GitLab, huduma ya kutunzia misimbo ya programu, wastahili kusomwa na kila msimamizi. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake, akidhani yumo katika seva pacha, alifuta takriban gigabaiti 300 za seva kuu. Ilibainika kwamba nakala za pg_dump zilikuwa zikishindikana kimyakimya, kwa kuwa programu ya toleo la 9.2 ilitumika dhidi ya seva ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa. Kilichookoa kazi ni taswira ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, nayo ilikusudiwa majaribio. Kampuni ilieleza yote hadharani, na uwazi huo ni sehemu ya heshima ya ufundi wenyewe.

Ndiyo maana msimamizi hodari, njia yoyote aliyoichagua, huirejesha nakala mara kwa mara katika seva ya pembeni, akapima muda uliotumika na kulinganisha idadi ya safumlalo na ile ya seva kuu.