Pazia Lile Halikupaswa Kushushwa

Video mmeiona. Imepita kwenye makundi ya wafugaji kuanzia Chanika hadi Kibaha, na kila aliyeituma ameandika chini yake, "Jifunzeni kwa mwalimu." Sina haja ya kuieleza upya: mwalimu mstaafu, mgonjwa wa pumu wa miaka mingi, kuku sitini mchanganyiko wa kienyeji na chotara, maranda ya miezi mitano, fagio mkononi. Ninachokitaka mimi ni zile sekunde chache za dakika ya tatu. Anasimama mlangoni, anatupa jicho kwenye kamba ya nguo za jirani, anakuna ndevu, kisha anashusha turubai pande zote mbili za banda na kuanza kufagia. Hapo ndipo kazi ya mwaka mzima ilipoharibika. Jioni ileile alikuwa kituo cha afya, amefungwa nebulaiza usoni.

Mengine yote aliyoonyesha ni safi: chanjo ya kideri tone moja jichoni kila miezi mitatu, kandambili za bandani zisizoingia ndani ya nyumba, kuku mgeni kutengwa wiki mbili, na kunawa baada ya kuchanja, maana virusi hai vya chanjo ile vikimwingia mtu machoni vinaweza kumwachia macho mekundu siku kadhaa. Safi. Twende kwenye pazia.

Pazia la banda lina kazi zake zinazojulikana: kuzuia mvua ya upande wakati wa masika, na kuwakinga vifaranga na baridi ya usiku. Basi. Banda la Pwani hujengwa na ukuta mfupi na wavu juu yake ili upepo upite, utoe joto, utoe unyevu, utoe hewa kali ya mavi. Mwezi wa Julai kusi inavuma karibu kutwa nzima, na inavuma bure. Mwalimu alikuwa na feni kubwa kuliko ya kiwanda chochote, akaizima kwa mikono yake miwili.

Fikirieni alichokuwa akikifagia. Maranda ya miezi mitano si mbao tena. Ni mavi makavu yaliyosagwa na kucha, vipande vya manyoya na ngozi, unga wa chakula uliomwagika, mbegu za ukungu, na sumu inayobaki kwenye maganda ya bakteria hata bakteria wenyewe wakishakufa. Ukilitikisa fungu hilo, punje kubwa huanguka mara moja. Hizo ndizo unazoziona zikitua begani kwa mwalimu. Vumbi laini, lile la chini ya mikroni 5 lisiloonekana kwa jicho, halianguki. Linaelea, na kwenye banda lililofungwa linaweza kuelea kwa saa kadhaa. Hilo ndilo linalopita pua, likapita koo, likafika kwenye vijia vya mwisho vya mapafu. Mtu mzima wa afya atakohoa, apenge kamasi nyeusi, aende zake. Mwenye pumu njia zake za hewa zimevimba tayari kwa ndani hata siku asiyojisikia vibaya. Zikiguswa na vumbi hilo misuli yake hukaza na ute huongezeka. Hata bila kitu kingine, pazia peke yake lilitosha.

Lakini kilikuwapo kingine. Dakika ya tano anamwaga chokaa juu ya maranda kabla hajayatoa, "kuua wadudu". Nimelalamikia chokaa hii kwenye safu hii mpaka mhariri ameniomba nipumzike. Chokaa ni ya sakafu tupu, baada ya maranda kutoka. Ukiimwaga juu ya mavi inayafanya yawe na asili ya alkali, na mavi ya namna hiyo huachia amonia kwa wingi zaidi. Kwa hiyo ndani ya turubai lile lililoshushwa kulikuwa na vumbi, kulikuwa na chokaa ikipeperuka, na kulikuwa na amonia inayochemka. Ataniambia mtu kwamba mwalimu mwenyewe anasema kwenye video "hakuna harufu". Pua ya mfugaji huzoea. Ukitaka kujua kama bandani kuna amonia usimuulize mwenye banda. Chuchumaa hadi kimo cha kuku, subiri kidogo, uone kama macho yanawasha.

Halafu dakika ya kumi na moja, sehemu ambayo wengi wameipitisha mbio kwa sababu hakuna kinachotokea. Amemaliza, vumbi limetulia, hewa inaonekana nyeupe. Anavuta kigoda, anakaa ndani ya banda, pazia bado chini, anahesabu mayai taratibu kwa furaha. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha mbaya kuliko zote. Alipokuwa akifagia alikuwa angalau akigeuza uso. Hapa amekaa katikati ya lile vumbi lisiloonekana, anapumua kwa kina baada ya kazi nzito.

Wanaomtetea wana hoja moja, na ni hoja ya heshima: alishusha pazia kumstahi jirani asichafuliwe nguo. Adabu hiyo naikubali, na ni adabu inayopungua mjini. Lakini jirani yupo palepale, sauti yake inasikika kwenye video akimfokea mtoto. Kulikuwa na ugumu gani kuita, "Mama, samahani, anua nguo nusu saa, nasafisha banda"? Nguo zikichafuka zinafuliwa tena. Hakuna mke wa jirani wa Chanika atakayekataa kuanua kanga tatu na shuka moja kwa ajili ya mwalimu aliyewafundisha wanawe kusoma.

Na sasa swali ambalo nashangaa halijaulizwa popote: simu ilishikwa na nani? Mjukuu. Kijana wa miaka ishirini na ushei, kifua kama mlango, amesimama nje upande wa upepo akisema "babu, geukia huku kidogo". Ni sawa na kocha kumsimamisha winga wake golini na kumtuma kipa mwenye goti bovu akakimbize mpira pembeni. Kijana angeshika fagio, babu angekaa chini ya mwembe na daftari lake, simu ingeegemezwa kwenye ndoo. Mgonjwa wa pumu anaweza kufuga, tena vizuri sana. Kulisha, kuchanja, kuokota mayai, kutunza kumbukumbu, kusikiliza usiku kama kuna kuku anayekoroma: zote hizo ni kazi zake. Kutoa maranda makavu si kazi yake, iwe ana barakoa au hana.

Barakoa yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na leso, ameifunga kama mwizi wa sinema. Leso huzuia manyoya. Barakoa ya N95 hunasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, ila ni pale tu inapokaza usoni, na kwa ndevu zile za mwalimu isingekaza hata kwa gundi. Isitoshe, kwa mwenye pumu kuvuta pumzi kupitia kitambaa kizito huku anapiga koleo ni mzigo juu ya mzigo. Wanaoandika "angevaa tu barakoa" wanataka kuokoa uamuzi usiookoka.

Bibi zetu walilijua hili bila mikroni wala asilimia. Uwanja wa nyumba ya Pwani haukufagiwa mkavu. Asubuhi na mapema, umande bado haujakauka, mama anatoka na kata ya maji, ananyunyiza kwa vidole, kisha anainama na fagio la chelewa na kufagia akiwa ameupa upepo mgongo. Kuku wameshafunguliwa, wako chini ya mpapai. Leo tuna pampu za mgongoni za kunyunyizia dawa, zenye mdomo unaotoa maji kama ukungu, na tunasafisha banda saa nne asubuhi, jua limewaka, maranda yamekauka kama unga wa ugoro, kuku wote wamo ndani wakipigapiga mabawa na kutuongezea vumbi. Hatujawapita bibi zetu kwa lolote hapa. Tumewazidi simu tu.

Kipimo cha maji ni cha mkono. Nyakua fungu la maranda ulikamue: likibaki donge, limelowa kupita kiasi, na ukiliacha hivyo unakaribisha ugonjwa wa kuhara damu kwa vifaranga na amonia kwa wote. Lisiposhikana kabisa, ni vumbi linalosubiri fagio. Unataka lishikane kidogo kisha limeguke. Baada ya hapo reki na koleo, si fagio. Viroba vifungwe mdomo palepale. Fagio liingie mwisho kwenye sakafu iliyonyunyizwa, na chokaa ifuate. Na kama mwalimu angekuwa akitoa maranda yaliyolowa chini ya vinywesheo kila wiki, asingefika kwenye mlima wa miezi mitano.

Kuna kundi lililonijibu kwamba mwalimu alimaliza kazi akicheka, kwa hiyo kilichomkuta jioni ni kingine: chakula, baridi, wengine wanasema kijicho. Jamani. Pumu hubana kwa awamu mbili. Ya kwanza huja ndani ya dakika chache, na mwalimu mwenyewe ameniambia aliihisi, akapuliza inhela ya bluu mara mbili, ikapita. Ya pili huweza kuja kati ya saa 4 na 8 baadaye, njia za hewa zinapovimba, na hiyo inhela ya bluu huituliza kwa muda tu kwa sababu kazi yake ni kulegeza misuli, si kuondoa uvimbe. Alianza saa nne asubuhi, kifua kikafunga saa kumi na moja jioni. Hesabu inakaa sawasawa. Inhela ya kuzuia, ile yenye steroidi inayotumiwa kila siku hata ukijisikia mzima, ilikuwa kabatini tangu Ramadhani, "kwa sababu nilikuwa sijambo". Hiyo ni sawa na kuchanja kuku baada ya wa kwanza kufa.

Na kwa kuwa tuko hapo: wale mliomwona tetea mmoja akipiga chafya dakika ya nane na kumiminika na "mpe OTC", nitawajibu kama kila mara. OTC ni antibiotiki. Haigusi kirusi cha kideri, haigusi vumbi, haigusi amonia, na tetea aliyekaa ndani ya pazia lile alipiga chafya kwa sababu ileile iliyomlaza mwalimu. Mkishampa, mayai yake ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti yasiliwe wala kuuzwa. Nionyesheni nyumba inayoyamwaga. Ni mkono uleule unaokimbilia duka la dawa kununua amoksilini kila kifua kinapobana.

Hapo kituoni, mwalimu anasimulia, aliulizwa kama anavuta sigara, kama ana mzio wa dawa, kama nyumbani kuna paka. Kuhusu kuku hakuulizwa. Kwenye fomu, mahali pa kazi, waliandika "mstaafu" wakafunga. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, alichapisha mwaka 1700 kitabu kizima juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali, wapepeta nafaka wakiwamo, akawataka madaktari waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Miaka zaidi ya mia tatu imepita. Mstaafu wa Tanzania hakai bure. Ana kuku, ana bustani, ana tofali. Muulizeni. Tumewahi kufanya vizuri zaidi ya hapa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Somo lilipimwa kwa kazi iliyofuata. Sasa somo linapimwa kwa idadi ya waliolituma mbele.

Mwalimu anaendelea vizuri, anatumia inhela zote mbili, na mjukuu amekabidhiwa reki. Nimeambiwa video ya pili inatayarishwa. Mpaka itoke, mlioisambaza ya kwanza ninawaomba mambo mawili: ifuteni kwenye makundi yenu, na kama hamuwezi kuifuta, andikeni juu yake kwa herufi kubwa kwamba turubai la dakika ya tatu lilipaswa kubaki juu.