Kai-mraba na mizigo ya Tianxiu

Nimeletewa rasimu nyingine kuhusu wafanyabiashara wetu wa Tianxiu Dasha, pale Xiaobei, Guangzhou. Jedwali safi, kai-mraba ipo, lakini nina ugomvi nayo.

Tuseme umehoji Watanzania 20 na Wakenya 20 mlangoni pa lifti. Watanzania 14 wananunua nguo, 6 simu. Wakenya 6 nguo, 14 simu. Kama uraia hauna neno, ulitarajia 10 kila mahali. Kai-mraba inatoa 6.4, imevuka 3.84, basi unaandika kwamba uraia na bidhaa vinahusiana. Pole pole! Pale wengi huchangia kontena moja na mkalimani mmoja. Ukimhoji huyu na mshirika wake, umehesabu mzigo mmoja mara mbili. Kama wote walikuja wawili wawili, una 7 na 3, 3 na 7. Uwiano ule ule, ila kai-mraba ni 3.2. Matokeo yameyeyuka.

Kanuni ya Karl Pearson ya mwaka 1900 inataka kila jibu lijitegemee. Kompyuta haikuulizi hilo. Dodoso ndilo liulize: mzigo wako unasafiri na wa nani? Tusipouliza, kesho mtu wa wizarani atatunukuu kama ukweli.

Nawasilisha.